Miezi Mitatu Bila Sindano

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka kliniki ya magonjwa ya akili leo, ana bahasha ya vidonge mkononi na hajui awaambie nini watu wa nyumbani. Nami niliwahi kushika bahasha kama hiyo, nikajiona najua kila kitu kuhusu bahasha za dawa, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuziandika. Sina habari njema nyingi za kukupa. Nina za kweli, na moja kati ya hizo ingenifaa sana kama ningeielewa mapema.

Naitwa Zuhura. Kwa miaka saba nilikuwa muuzaji katika duka la dawa pale Maili Moja, Kibaha. Mume wangu, Shabani, ni karani wa ofisini, na tuna mtoto mmoja, Rahma. Nilivaa koti jeupe, nikakaa nyuma ya dirisha lenye nondo, nikawaambia watu maneno yale yale kutwa nzima: moja asubuhi, moja jioni, kunywa baada ya kula, usiache katikati hata ukijisikia nafuu, maliza dozi. Kwenye hilo la kumaliza dozi nilikuwa mkali. Mtu akirudi kulalamika kwamba homa ya mtoto imerudi, nilimuuliza kwanza kama alimaliza dozi, na kama hakumaliza nilimsema mbele ya foleni nzima.

Sauti zilianza wakati wa kipupwe. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, nyuma ya rafu za dawa za maji, na hawakuzungumza na mimi, walinizungumzia. Sasa anahesabu. Amekosea. Anajifanya hajakosea. Mwanzoni nilidhani ni wapangaji wa nyuma. Nikatoka kwenda kuangalia, nikakuta ukuta na ndoo ya mtu. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kusema kwamba dawa zote zimebadilishwa na kwamba nawaua watu kwa mkono wangu mwenyewe. Niliwaamini. Nani angejua kuliko wao, waliokuwa humo dukani muda wote?

Basi nikafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa la huruma: nikaanza kuwapa wateja bahasha tupu. Naandika moja kutwa mara mbili, nafunga vizuri, namkabidhi mtu, namwambia amalize dozi. Mwenye duka alikuja na bahasha tatu zilizorudishwa, akaziweka juu ya kaunta, akampigia Shabani simu.

Mama yangu mzazi alifika kutoka Kisarawe siku hiyo hiyo. Tulianza na kisomo, sitaki kuficha. Nilisomewa siku saba kule Kisarawe, na sheikh mwenyewe ndiye aliyemwambia mama anipeleke hospitali, yeye ataendelea kuniombea huku nikitibiwa. Wengi hawapati sheikh wa namna hiyo, na mpaka leo namshukuru.

Nililazwa mvua za vuli zikianza. Siku ya pili baada ya sindano ya kwanza, shingo yangu ilijipinda yenyewe kuelekea bega la kushoto, macho yakaganda yakitazama dari na hayakutaka kushuka. Mama akaanza kusoma kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakimbia. Shabani aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshaamini kuwa ni jini limepanda. Sista alikuja bila haraka, akasema ni dawa hiyo, akanichoma nyingine, na haikuchukua nusu saa shingo ikarudi mahali pake. Ikimtokea mtu wako, mwite sista kwanza, kusoma kufuate.

Nilitegemea sauti zikatike kama umeme unavyokatika. Haikuwa hivyo. Wiki ya kwanza dawa ilinilaza tu. Wiki ya pili wale wawili walikuwapo, ila walikuwa wamesogea, kana kwamba wamehamia nyumba ya jirani. Wiki ya tatu nilisikia kwamba wanazungumza lakini sikuweza kushika maneno. Wiki ya tano ilinyesha, nikakaa muda mrefu nikisikiliza mvua juu ya bati kabla sijatambua kwamba ninachosikia ni mvua peke yake. Ile imani kwamba nawaua watu ilichelewa zaidi. Haikuondoka siku moja, ilichakaa polepole mpaka nikawa naona haya nikiikumbuka.

Kila kitu dawa hiyo ilichonipa, mwili ulikilipia. Miguu haikukubali kutulia. Kwenye benchi la kliniki nilikaa, nikasimama, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, na watu wakawa wananipisha kwa hofu. Mate yalinitoka. Nilinenepa mpaka magauni yangu yote ya sherehe yakanikataa. Hedhi ilikatika, na asubuhi moja nikakuta kifua kimelowa maziwa. Mama mkwe wangu, anayekaa mtaa wa Pangani hapo hapo Kibaha, aliliona doa kwenye kanga, akahesabu miezi niliyolala wodini, akamtazama mwanawe. Shabani alinipeleka kupima mimba, na njia nzima hakunitazama usoni. Daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, akatuambia kwamba dawa ndiyo inayofanya hivyo, akanibadilishia. Hakuna aliyeniomba radhi, wala mimi sikudai.

Daktari huyo alijaribu kunieleza jinsi dawa inavyofanya kazi. Alisema kuna kitu ubongoni kinapiga kelele kupita kiasi, na dawa inakishusha, kama mtu anavyopunguza redio. Nilikubali kwa kichwa, kitaalamu kabisa, kama muuzaji mwenzake. Sikumuuliza dawa ikiondoka redio inakuwaje. Nilitazama tu idadi ya vidonge kwenye bahasha na nikaona kitu ninachokifahamu.

Bahasha ya nne ilipokwisha, masika yakiwa yanaishia, nilimwambia mama kwamba nimemaliza dozi. Ni mimi niliyesema. Sikushauriwa na jirani, sikukatazwa na mganga. Tarehe ya kurudi kliniki ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu kwa wino wa bluu na nikaiona, lakini kwangu tarehe ya kurudi ilikuwa ya mtu ambaye hajapona. Mama alichinja kuku kwake Kisarawe, akapika pilau, akamwita sheikh wetu na wanawake wa mtaani, ikasomwa dua ya shukrani. Shabani alikuja na mama yake. Walikula, wakanikumbatia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Waulize kwa nini? Malaria ina dozi, taifodi ina dozi, hata minyoo ina dozi. Muuzaji wa dawa mwenyewe amesema amemaliza.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Ukiacha dawa hizi, siku za kwanza unapata raha. Miguu ilitulia, mate yakakauka, mwili ukapungua. Nilicheka kicheko changu mwenyewe ambacho Rahma alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu, akakimbia kuja kuniangalia mdomo. Shabani alirudi kulala kitanda kimoja na mimi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano, na kila wiki iliyopita ilithibitisha kwamba nilikuwa sahihi. Dawa inachelewa kushika, na faida yake inachelewa kuondoka. Hilo hakuna aliyekuwa amenifundisha dukani.

Wale wawili walirudi mwezi Julai. Hawakupiga kelele. Yule mwanamke alisema tu, karibu na sikio, kwamba Rahma amewekewa alama na watamchukua shuleni.

Rahma alikuwa darasa la kwanza. Nilikwenda shuleni saa nne asubuhi, nikamwambia mwalimu kwamba bibi yake mzaa baba ni mgonjwa, nikamtoa mtoto. Tulishuka basi Mlandizi na kuanza kutembea kuelekea Dutumi, kwa sababu sauti zilisema barabara ya lami inaonekana. Jua lilikuwa kali. Kiatu chake kimoja kilikatika, nikamwambia avivue vyote viwili. Alitembea bila kulalamika, kwa kuwa nilikuwa mama yake na nilikuwa nimemshika mkono. Mpaka saa nane mchana hatukuwa tumeweka tone la maji mdomoni.

Tulifika kwenye boma la wafugaji, familia ya Kisukuma. Mama wa pale alimwona mtoto, akaingia ndani haraka, akatoka na kikombe cha maji. Rahma alikishika kwa mikono yote miwili. Nikasikia kwamba ndani yake kuna sumu, nikampiga mkono, kikombe kikaanguka, maji yakaingia mchangani. Yule mama akaleta kingine, nacho nikakimwaga. Mara ya tatu waliniwahi mikono, wanaume wawili, na wakati napigana nao Rahma alianguka chini na hakuinuka. Walimkimbiza zahanati kwa pikipiki. Alizinduka, alipona, ana afya yake. Lakini mtoto yule alimwona mama yake akimnyang'anya maji mara mbili, na hakuna sindano inayofuta jambo hilo.

Safari hii nililala wodini wiki saba. Sauti zilichukua muda mrefu zaidi kusogea kuliko mara ya kwanza, na daktari alinieleza, safari hii nikimsikiliza, kwamba dawa haing'oi ugonjwa huu bali inaushika, na kwamba kila unapoachiwa unarudi mgumu zaidi. Nilimuuliza dozi inaisha lini. Hakunizungusha. Aliniambia nisiishi nikihesabu mwisho. Kwa kuwa vidonge nimeshaviacha mara moja, akaniandikia sindano ya kila mwezi.

Shabani hakuniandikia talaka, na hakuja kunichukua. Alimpeleka Rahma kwa mama yake Pangani, mimi nikarudishwa Kisarawe kwa mama yangu. Dukani walikuwa wameshaweka mtu mwingine, na sidhani kama ningeweza kurudi kukaa kwenye dirisha lile. Nilikuwa nalima mihogo na mama siku ninazoweza, na siku nisizoweza nililala. Kuanzia hapo kalenda yangu ikawa sindano. Baada ya sindano ya pili mikono ilitetemeka mpaka mama akawa ananimenyea vitunguu. Baada ya ya nne niliweza kusoma ukurasa mzima. Siku ya sindano ya tano niliikuta kliniki imejaa, tukakaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mwanamke aliyemleta kaka yake akanigawia karanga na hakuniuliza naumwa nini. Sista wa sindano hukumbuka upande aliochoma mwezi uliopita, kulia au kushoto, bila kuangalia daftari. Mambo madogo kama hayo ndiyo niliyoishi nayo.

Kulia nilikuwa siwezi tena. Huzuni ilikuwapo, naisikia kifuani ikinilemea kutwa nzima, lakini machozi hayakutoka. Mama alidhani nimekuwa na moyo mgumu. Nilipomwambia daktari, alisema tunaweza kupunguza kidogo baadaye, taratibu, na nikaona anavyoogopa kulisema neno kupunguza mbele yangu.

Siku za sindano, nikitoka kliniki, niliruhusiwa kupita Pangani kumwona Rahma. Tulikaa kibarazani, bibi yake akiwa ndani karibu na dirisha. Nilikuwa namtaka mwanangu arudi kwangu. Sikutaka kitu kingine duniani, si kazi, si mume, si mwili wangu wa zamani. Baada ya sindano ya nane nikamwomba mama aitishe kikao.

Walikuja Kisarawe, Shabani na mama yake, pamoja na wazee wawili wa pande zote mbili. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa vizuri, nikaamkia kila mtu, nikakaa kwa utulivu ambao miezi minane ya sindano imenipa. Nilikuwa na barua ya daktari inayosema naendelea vizuri kwa dawa na naweza kukaa na mtoto nikiwa na mtu mzima mwingine nyumbani. Shabani aliisoma kwa sauti. Mama mkwe akaomba airudie ile sehemu ya mwisho, kisha akauliza kwa nini haikuandikwa kwamba nimepona. Nilimwambia nilimwomba daktari aandike hivyo, akasema hawezi kuandika uongo.

Sitaki umwone mama mkwe kuwa mbaya. Yeye ndiye aliyeziosha nyayo za Rahma kila siku kwa maji ya chumvi mpaka zikapona. Alizungumza taratibu, akinitazama mimi.

"Mwanangu Zuhura, mimi sina chuki na wewe. Lakini mtu aliyepona hanywi dawa, na anayekunywa dawa bado anaumwa, hilo hata wewe dukani ulikuwa unatuambia. Basi acha hizo sindano miezi mitatu, tukuangalie. Ukikaa sawa miezi mitatu, mtoto namleta mwenyewe, na nguo zake zote."

Wazee wakasema ni neno la haki. Shabani alikuwa anatazama mkeka. Mama yangu alishika mkono wangu kwa furaha, akaninong'oneza nikubali, miezi mitatu si kitu, yeye atanilinda mchana na usiku. Nilijaribu kueleza. Niliwaambia kwamba mwezi wa kwanza nitakuwa mzuri kuliko hivi wanavyoniona, na wa pili pia, na kwamba uzuri huo ndio utakaotudanganya. Nikaona nyuso zao. Mgonjwa wa akili anayesema atakuwa mzuri akiacha dawa na kwa hiyo asiache dawa, nani atamwelewa? Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana naumwa. Kikao kikaahirishwa ili nikafikiri.

Nilifikiri siku tisa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa imara. Nilijiambia huenda safari hii sauti zisirudi, wako watu hazikuwarudia. Nilijiambia kwamba miezi mitatu naweza kuivuka kwa kukaza moyo, hata wakirudi nitawanyamazia, sitasema, mpaka Rahma afike. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu niliona mpango wangu wote ulivyo: nimfikishe mtoto nyumbani kwangu huku wale wawili wakiwa wamesharudi na mimi nimenyamaza.

Siku ya sindano ya tisa nilikwenda Kibaha. Nilikaa kwenye benchi. Nilipoitwa sikuinuka, aliyefuata akaingia, na wa baada yake. Sista akatoka mwenyewe mlangoni, akasema leo ni kulia. Nikaingia, nikalala ubavu, nikamwambia achome.

Ndugu mwenye bahasha, ninachoweza kukuambia ni hiki. Mwambie daktari akueleze mbele ya watu wako, si wewe peke yako, kwamba dawa hii si ya kumaliza. Mwombe arudie mpaka mama yako na mkwe wako waelewe, hata kama foleni inanung'unika. Nilipaswa kufanya hivyo siku ya kwanza, wakati bado walikuwa wananiamini. Sasa nikisema mimi, ni maneno ya mgonjwa.

Kutoka kliniki nilipita Pangani kama kawaida. Rahma alikuwa ametoka shule, bado na sare. Nilimsaidia kufungua kamba za viatu, akaniacha nifanye. Akaniuliza kama nimechomwa leo, nikamwambia ndiyo.

"Bibi amesema ungekubali kuacha sindano, ningekuja kukaa na wewe. Amesema umekataa wewe."

Nilitafuta namna ya kumweleza mtoto wa miaka minane. Nilitaka kumwambia kuhusu kikombe cha kwanza na cha pili, na kwamba ninakataa kwa ajili yake. Lakini hicho ni kitu ambacho yeye anajitahidi kukisahau, na mimi si mtu wa kumkumbusha.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," nikamwambia. "Nimekataa mimi."

Alinitazama usoni muda mrefu, nadhani akisubiri nilie, na uso wangu haukufanya chochote. Kisha akaokota viatu vyake, akaingia ndani. Nilikaa kibarazani mpaka saa kumi, nikasikia bibi yake akimwambia njoo umuage mama yako, na yeye akisema anaandika kazi za shule.